Mzio wa Maziwa: Istilahi Moja kwa Mambo Mawili

Makusudi ya makala haya ni kuhakiki istilahi zinazotumika hivi sasa katika Kiswahili kutaja madhara yanayompata mtu kwa kunywa maziwa. Istilahi hizo ni chache, nazo zimeenea kwa haraka katika vipeperushi vya afya, katika masomo ya lishe, na katika tafsiri zifanywazo na mashine. Tatu ndizo zinazokutana na msomaji mara nyingi: mzio wa maziwa, kutovumilia laktosi, na ile ya ajabu kuliko zote, uvumilivu wa laktosi. Nitajaribu kuonyesha kwamba ya kwanza inabebeshwa mambo mawili yasiyo na asili moja, ya pili ni kivuli cha lugha nyingine, na ya tatu inasema kinyume cha kile inachokusudia. Lau kama haya yangekuwa mabishano ya wataalamu peke yao, ningeyaachia kamati zinazohusika. Lakini istilahi ikishaandikwa katika daftari la mgonjwa huondoka mezani kwa mtaalamu, ikaenda kukaa jikoni.

Mwandishi wa makala haya anakaa Sigino, kata mojawapo ya mji wa Babati, mkoani Manyara. Huku mahindi na ng'ombe hukaa ua mmoja. Wagorowa na Wairaqw ni wakulima na wafugaji kwa pamoja. Wabarbaig wamejulikana siku zote kwa mifugo yao. Na wote hao, pamoja na Warangi na wengineo, hukutana sokoni na zahanati kwa Kiswahili, ambacho kwa wengi wao si lugha ya kwanza. Hili si jambo dogo kwa mtunga istilahi. Mgonjwa wa huku hana njia ya kulikisia neno la kitaalamu kwa kuliangalia katika Kiingereza. Analo lile lile aliloambiwa, na atalitumia kama lilivyo.

Mzee mmoja jirani yangu alisumbuliwa na maziwa tangu ujana wake. Akinywa vikombe viwili jioni, tumbo lilijaa gesi, likanguruma, na alfajiri akaharisha. Mwishowe alikwenda kutibiwa mjini, akaambiwa kwamba ana mzio wa maziwa. Akaacha maziwa. Baada ya muda akagundua mwenyewe kwamba mtindi haumdhuru hata kidogo, akahitimisha kwa akili timamu kabisa kwamba mzio wa maziwa ni maradhi yatulizwayo kwa mtindi. Hitimisho hilo halikuwa na kosa lolote ila katika jina.

Haukupita mwaka, mwanamke kijana wa nyumba ya pili alirudi kliniki na mwanawe wa miezi minane. Mtoto huyo kila alipolishwa uji uliotiwa maziwa ya ng'ombe alivimba midomo na kutokwa na mabaka mwilini. Katika daftari lake paliandikwa maneno manne tu: "Mzio wa maziwa. Aepuke." Mzee aliposikia jina analolijua, alifanya afanyavyo jirani mwema: alipeleka mtindi. Kwa bahati njema mama hakumlisha mtoto kwanza. Alikuja kwangu, daftari mkono mmoja na kikombe mkono wa pili, akasema: "Shikamoo mwalimu. Hapa wameandika maziwa yapi? Na ya kwangu nayo niyaache?"

Maswali hayo mawili yalikuwa ya istilahi, na mhakiki yeyote asingeyauliza vizuri zaidi. Kabla ya kuyajibu yafaa tuyatazame mambo yenyewe.

Maziwa ya ng'ombe, pamoja na maji na mafuta, yana sukari iitwayo laktosi na yana protini za namna kadha wa kadha. Laktosi ni yapata gramu 5 katika kila gramu 100. Ili mwili uweze kuitumia, sharti ikatwe vipande viwili, glukosi na galaktosi, na mkasi wa kazi hiyo ni kimeng'enya kiitwacho laktesi, ambacho hutengenezwa katika ukuta wa utumbo mwembamba. Mtoto mchanga huzaliwa nacho kwa wingi, maana maziwa ndiyo chakula chake. Lakini kwa walio wengi duniani, yapata theluthi mbili ya watu wazima, kimeng'enya hicho hupungua sana baada ya utoto. Laktosi isiyokatwa huteremka hadi utumbo mpana. Huko bakteria huichachua, gesi hutokea, maji huvutwa ndani ya utumbo, na mwenye tumbo huisikia habari yake. Kinga ya mwili haihusiki hata kidogo. Tena jambo hili lina kadiri: wengi wa watu hao wanaweza kunywa gramu 12 za laktosi kwa mara moja, yaani kikombe kimoja cha kawaida, bila taabu au kwa taabu ndogo. Mtindi huwapatana zaidi, kwa kuwa bakteria waliougandisha wamekwisha kula sehemu ya laktosi, na walio hai bado huendelea kuikata ndani ya tumbo la mnywaji. Samli karibu haina laktosi. Mzee wa Sigino alikuwa ameyagundua haya bila ya maabara.

Mzio wenyewe ni habari nyingine kabisa. Hapo kinachogombana na mwili ni protini, hasa kasini na beta-laktoglobulini. Kinga ya mwili huidhania protini kuwa adui, huiundia kingamwili, na kila inaporudi huishambulia. Midomo na ulimi huvimba, mabaka yenye kuwasha hutokea, mtoto hutapika, hukohoa, hubanwa pumzi. Na mara chache hutokea mshtuko unaoweza kuua asipopigwa sindano ya adrenalini mapema. Hapana kadiri ya kikombe hapa. Kwa baadhi ya watoto kijiko chatosha, na pungufu ya kijiko. Kuchachuka hakuziondoi protini, kwa hiyo mtindi ni sawa na maziwa. Hata samli haiaminiki, kwa maana mabaki ya protini huweza kusalia ndani yake. Upo pia mzio wa polepole, ambao dalili zake hutokea baada ya saa nyingi na hukaa zaidi tumboni, na huo ndio uwachanganyao hata waganga wenye uzoefu. Mzio wa maziwa ya ng'ombe huwapata zaidi watoto wadogo, na walio wengi huachana nao wanapokua. Taabu ya laktosi huenda upande wa pili: kwa kawaida mtoto mchanga hanayo, na humjia mtu kadiri anavyotoka utotoni.

Sasa tulitazame neno. Mzio ni neno zuri, na sina nia ya kuwalaumu waliolichagua. Ni fupi, lina wingi wake, limetokana na kitenzi chetu wenyewe, kuzia, na linatamkika kwa urahisi kuliko aleji, ambayo hata hivyo imetamalaki mitaani. Neno hilo la kigeni nalo si la kale: lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani. Yeye alikuwa na bahati ya kubuni neno lisilo na mwenyewe, akalipa maana aliyoitaka. Sisi tulichukua neno ambalo tayari lilikuwa na kwao.

Katika matumizi ya zamani mzio haukuwa hali ya mtu. Ulikuwa ni kile kitu chenyewe anachojiepusha nacho. Mtu alisema, "Pweza ni mzio wangu," na hapo pweza ndiye mzio. Sababu ya kujiepusha haikuulizwa. Huenda pweza alimdhuru siku moja, huenda mganga alimkataza, huenda ni mwiko wa ukoo wake. Neno lilikusanya yote hayo, kwa sababu aliyekuwa akipika alitaka kujua jambo moja tu: huyu mgeni asiandaliwe nini. Leo twasema, "Nina mzio wa pweza." Mzio umehama kutoka katika sufuria ukaingia katika mwili wa mtu. Badiliko hilo la sarufi, ambalo wengi wetu hatukulisikia likipita, ndilo lililoifanya istilahi ya kisasa. Na pamoja nalo mpaka wa maana ulipunguzwa: mwiko ukatolewa, madhara ya kawaida ya tumbo yakatolewa, ikabaki ile ghasia ya kinga ya mwili peke yake.

Upunguzaji huo ulifanyika ofisini. Kijijini haukufika. Mzee wa Sigino akisema kwamba maziwa ni mzio wake, anasema Kiswahili fasaha cha mababu, wala hakuna haki ya kumsahihisha. Aliyekosea ni yule aliyesomea maana mpya, kisha akalitumia neno kwa maana ya zamani, ndani ya daftari ambamo mwingine atalisoma kwa maana mpya. Hili ndilo lawama langu kubwa, nalo lawahusu watafsiri zaidi ya waganga. Tumelipandisha cheo neno la watu wote bila ya kuwatangazia watu, kisha sisi wenyewe tukalivunjia heshima kwa kulitia kila mahali ambapo chakula na tumbo havikupatana. Nimeona ngano, maharage, pilipili na hata maji ya baridi vikiandikiwa mzio.

Neno la pili katika istilahi hiyo nalo lina hila yake. Maziwa ni wingi wa ziwa, na ziwa ni titi. Ni ziwa la maji pia, na sisi wa Babati tulio na ziwa letu mlangoni tumezoea mzaha huo. Lakini mzaha huisha mbele ya mama anyonyeshaye. Mwanamke huyo aliposoma "Mzio wa maziwa. Aepuke," alisoma kwamba mwanawe auepuke mwili wa mama yake. Lugha ilimruhusu kusoma hivyo. Wala hakuna katika maneno yale manne kilichomkataza.

Na jibu la kitabibu ni kinyume chake. Mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe kwa kawaida huendelea kunyonya. Pengine daktari humwagiza mama mwenyewe aache maziwa ya ng'ombe kwa muda, ili protini zisipite kwake kwenda kwa mtoto. Kwa upande wa laktosi, maziwa ya mama yanayo nyingi kuliko ya ng'ombe, yapata gramu 7 katika 100, na mtoto huyanywa akastawi. Kuzaliwa bila laktesi ni jambo la nadra sana ulimwenguni. Mtoto aliyeugua kuhara huweza kupungukiwa laktesi kwa siku au majuma machache mpaka utumbo upone, na hata huyo hashauriwi kuachishwa ziwa. Hivyo mfasiri anayeandika "mzio wa maziwa" na kuacha "ya ng'ombe" kwa ajili ya kuokoa nafasi, anaokoa maneno mawili kwa gharama isiyo yake. Katika maandishi ya wataalamu iandikwe mzio wa protini za maziwa ya ng'ombe. Katika maandishi ya umma, mzio wa maziwa ya ng'ombe. Na popote pale isifupishwe zaidi ya hapo.

Nageukia kutovumilia laktosi. Chanzo cha istilahi hii chaonekana waziwazi hata kwa asiyejua Kiingereza, maana Kiswahili hakina desturi ya kusema hivyo. Kuvumilia ni tendo la moyo. Mtu huvumilia njaa, huvumilia msiba, huvumilia mkwe mkorofi. Utumbo hauvumilii wala haukosi kuvumilia. Hauna subira ya kusifiwa wala ya kulaumiwa. Mvumilivu hula mbivu, lakini sijasikia kwamba hunywa maziwa. Na tusidhani kwamba hili ni suala la umaridadi tu. Mwambie kijana wa jamii ya wafugaji kwamba hawezi kuvumilia kitu kilichomo katika maziwa, naye atasikia kwamba ameitwa dhaifu, kisha atajikaza. Kujikaza ndiko kuvumilia. Istilahi imempa ushauri usiokusudiwa.

Kuna na udhia wa sarufi. Kitenzi-jina cha kukanusha ni kibaya kwa kutungia istilahi, kwa sababu hakizai. Daktari anahitaji kutofautisha hali ya kuzaliwa nayo, ile ya muda baada ya kuhara, na ile ya kawaida ya utu uzima. Anahitaji kumtaja mwenye hali hiyo, na kutaja kinyume chake. Kutovumilia hakumpi njia. Ndipo watu hutafuta nomino iliyo karibu, wakaangukia uvumilivu, na kwa kuwa nomino haibebi ukanushi, ukanushi huo hudondoka njiani. Msomaji aliyepata kuyapitia maandishi yaliyotafsiriwa na mashine atakuwa amekutana na "dalili za uvumilivu wa laktosi", ambazo zasemwa kuwa ni kujaa gesi na kuharisha. Yaani avumiliaye ndiye aharishaye! Mashine haina aibu, lakini imejifunza kwa maandishi yetu, na wako watu ambao wamezinakili sentensi hizo bila kuzisoma mara mbili.

Wengine, kwa kuona taabu hiyo, husema upungufu wa laktesi. Istilahi hii ina nasaba yenye heshima, na sehemu ya nasaba hiyo iko Afrika Mashariki. Mwaka 1966 G. C. Cook na S. K. Kajubi walichapisha katika jarida la Lancet utafiti uliofanywa Uganda juu ya tofauti za makabila katika upungufu huo. Waliona kwamba Waganda wengi wazima walikuwa na laktesi kidogo, ilhali watu wenye asili ya ufugaji wa ng'ombe wengi wao walikuwa nayo ya kutosha. Mwaka huo huo Theodore Bayless na Norton Rosensweig waliandika jambo lililofanana na hilo kuhusu watu weusi na weupe wa Baltimore, Marekani. Kabla ya hapo wataalamu wa Ulaya ya Kaskazini, ambako karibu kila mtu mzima hunywa maziwa bila shida, waliyachukulia matumbo yao kuwa ndicho kipimo cha binadamu, na matumbo ya wengine kuwa yamepungukiwa. Ushahidi wa Kampala ulipaswa kuliua neno upungufu. Badala yake uliandikwa kwa neno hilo hilo.

Walio theluthi mbili ya watu wazima wa dunia hawawezi kuitwa wapungufu. Ndiyo maana wanasayansi wa leo, wanaposema juu ya jambo hili kwa uangalifu, hulitazama kwa upande wa pili: la kustaajabisha ni watu ambao laktesi yao hudumu. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walichapisha matokeo ya upimaji wa watu wa Tanzania, Kenya na Sudani. Waliwanywesha gramu 50 za laktosi, kiasi kilichomo katika lita moja ya maziwa, wakapima jinsi sukari ilivyopanda katika damu, kisha wakachunguza jeni zao. Waligundua kwamba miongoni mwa wafugaji wa Tanzania na Kenya udumifu huo hutokana na badiliko la herufi moja tu ya DNA, wakaliita C-14010, nalo si lile lililoko Ulaya. Walikadiria kwamba lilianza kuenea kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita. Wafugaji wa Ulaya na wafugaji wa kwetu walifika mahali pamoja kwa njia mbili. Na lilizuka fumbo ambalo sisi wa mkoa jirani na Ziwa Eyasi hatuna budi kulipenda: karibu nusu ya Wahadza waliopimwa, watu wa kuwinda na kukusanya wasio na ng'ombe, nao laktesi yao ilikuwa imedumu.

Kwa mtunga istilahi, utafiti huu una faida moja kubwa: unatuonyesha upande upi ndio wa kawaida. Basi napendekeza jozi ya maneno. Hali ya laktesi kuendelea hadi utu uzima iitwe udumifu wa laktesi. Hali ya kupungua kwake baada ya utoto iitwe ukomo wa laktesi. Mfano wa kutufuata tunao tayari katika ukomo wa hedhi, istilahi ambayo imeingia masikioni mwa watu bila taabu. Inataja jambo linalofika kwa wakati wake katika maisha, halimfanyi mtu kuwa mgonjwa, ingawa laweza kumletea adha. Kwa ile adha yenyewe, yaani gesi, msokoto na kuharisha, nasema usumbufu wa laktosi. Mtu aweza kuwa na ukomo bila usumbufu, kama akinywa kikombe kimoja au akipenda mtindi. Na tofauti hiyo, ambayo Kiingereza cha mitaani huivuruga, Kiswahili chaweza kuishika vizuri kikiamua.

Zipo pingamizi, nami naziona. Mojawapo ni kwamba laktesi haikomi kabisa, kidogo hubaki. Hilo halinisumbui sana, maana istilahi si maelezo. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ukomo na ukoma zimetenganishwa na irabu moja, na mwandiko wa zahanati tunaujua. Siwezi kumwombea mama yeyote afungue daftari akasome kwamba mwanawe ana ukoma wa kitu asichokijua. Ukomo wa hedhi umeishi na hatari hiyo kwa sababu umri wa mgonjwa humlinda msomaji. Kwa hiyo naliweka ukomo wa laktesi katika vitabu, katika mihadhara na katika chapa, daftarini lisiandikwe.

Shida ya irabu yanirudisha kwenye laktosi na laktesi zenyewe. Katika lugha zilikotoka, mwisho wa neno humwambia mjuzi kwamba hii ni sukari na kile ni kimeng'enya. Katika Kiswahili hutofautiana kwa o na e, na msomaji wa redio akiharakisha hapana atakayejua ni ipi iliyopungua na ipi iliyozidi. Wapo wanaotaka kuliepa tatizo hilo kwa kusema sukari ya maziwa badala ya laktosi. Nilikuwa mmoja wao mpaka nilipolijaribu neno hilo katika kikao cha kina mama hapa Sigino, mahali ambapo chai ya maziwa hunywewa na sukari nyingi. Walielewa mara moja, na walielewa visivyo: kwamba tatizo ni ile sukari inayotiwa kwa kijiko, na kwamba maziwa matupu ni salama. Tangu hapo nimeridhika na laktosi, kwa sharti kwamba laktesi isitajwe peke yake hadharani, bali isemwe kimeng'enya cha laktesi, ili neno la kwanza liwe taa ya la pili.

Niongeze neno juu ya mbuzi, kwa kuwa mbuzi wa maziwa wanafugwa Babati na sifa zao zimepita mipaka. Husemwa kwamba mwenye mzio anywe maziwa ya mbuzi. Kauli hii ni tunda jingine la mti ule ule. Maziwa ya mbuzi yana laktosi pungufu kidogo tu ya ya ng'ombe, kwa hiyo mwenye usumbufu hapati nafuu ya maana. Na protini zake zafanana na za ng'ombe kiasi kwamba watoto walio wengi mno wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, yapata 9 kati ya 10, hudhurika kwayo pia. Hapa hata istilahi niliyoitetea huko juu, mzio wa maziwa ya ng'ombe, yaweza kupotosha, kwa kuwa yamfanya msomaji adhani kwamba mnyama mwingine ni ruhusa. Sina tiba ya neno moja kwa hilo. Mwandishi wa kipeperushi na aongeze sentensi.

Kuongeza sentensi ndiko ninakokutaka kwa jumla kila penye mgonjwa. Watumishi wa serikali tumezoea kudhani kwamba istilahi ikishapatikana kazi imekwisha, na fomu zetu zimeachiwa mstari mmoja kwa kila jambo. Katika daftari la mtoto yule palikuwa na nafasi ya kutosha kuandika: "Asipewe maziwa ya ng'ombe wala ya mbuzi, mtindi, siagi wala samli, hata kidogo. Aendelee kunyonya. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, aletwe mara moja." Na katika lile la mzee: "Maziwa mengi humjaza gesi. Mtindi anaruhusiwa. Huu si mzio." Hapana neno gumu katika maagizo hayo mawili ila mzio, nalo limetajwa mara moja tu, kwa kukanushwa.

Mama nilimjibu kwa namna hiyo hiyo, tukaliandika pamoja nyuma ya daftari kwa herufi kubwa. Mzee aliitwa, akasomewa. Aliuliza iwapo ugonjwa wake basi hauna jina. Nilimtajia ukomo wa laktesi, naye akaurudia mara mbili polepole, akasema kwamba kwa masikio yake umekaribia mno lile neno jingine, na akauliza kama katika vitabu vyetu hamna neno linalotokana na kukataa, kwa kuwa yeye siku zote amesema kwamba maziwa yamemkataa. Nimelifikiria pendekezo lake: mkatao, ukataaji, ukatalio. Bado sijapata umbo linalokaa vizuri ulimini, nami nalileta kwa wasomaji wa jarida hili kama alivyolileta kwangu.